Kumpeleka mtoto mchanga jinja nchini Japani (omiyamairi): mambo ya kujua kabla ya siku yenyewe

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Uzi huu nauandika kwa ajili ya ndugu zetu walioolewa au kuoa Japani, pamoja na wale wanaoishi huko kwa kazi na masomo, ambao wakishajaliwa mtoto huulizwa na wakwe au majirani: mtampeleka lini jinja? Swali hilo humkuta mzazi akiwa bado na maumivu, hajalala vya kutosha, na mara nyingi mama yake mwenyewe yuko maelfu ya kilomita kutoka hapo. Mimi nimeolewa katika familia ya huko na jambo hili nimelipitia. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: omiyamairi ni desturi ya heshima na inafaa kupokewa kwa moyo mweupe, lakini tarehe yake ipangwe kwa kuangalia afya ya mama na mtoto, wala isiwe kinyume chake.

Jinja ni mahali pa ibada pa dini ya Shinto. Ziko zipatazo 80,000 Japani nzima, tangu zile kubwa zinazofahamika duniani hadi vibanda vidogo vilivyojificha kati ya nyumba za mtaani. Kila eneo linaaminiwa kuwa chini ya ulinzi wa kami wake, yaani mungu anayeabudiwa hapo, na mtoto anapozaliwa hupelekwa mbele ya kami huyo ili familia ishukuru kwamba amefika salama, impeleke ajulikane, na imwombee akue. Kuanzia hapo huhesabiwa kuwa ujiko, yaani mmoja wa watu walio chini ya ulinzi huo. Hakuna ubatizo wala kiapo, na mtoto haandikwi katika daftari lolote la waumini. Daftari hilo liliwahi kuwapo kwa muda mfupi: mwaka 1871 serikali ya Meiji iliagiza watoto wote waandikishwe katika jinja za maeneo yao na kupewa hati ya ulinzi, lakini utaratibu ukasitishwa mwaka 1873. Kinachofanyika leo ni hiari tupu ya familia.

Kuhusu siku, mapokeo yanayotajwa zaidi ni ya 31 au 32 kwa mvulana, na ya 32 au 33 kwa msichana, ingawa kila mkoa una hesabu yake, na ziko familia zinazongoja hadi siku ya 100 ili ziunganishe safari hiyo na okuizome, yaani sherehe ya kumwonjesha mtoto chakula kwa mara ya kwanza. Hesabu ya mwezi mmoja ina chanzo chake. Zamani kuzaa kulidhaniwa kumwachia mama na mtoto hali ya kutokuwa safi kiibada, iitwayo kegare, na kwa hiyo walikaa kando ya mahali patakatifu mpaka muda huo uishe. Mtoto alitoka mapema, mama akachelewa zaidi, sehemu nyingine hadi siku ya 75. Ndiyo sababu aliyembeba mtoto siku hiyo alikuwa bibi mzaa baba, huku mama akibaki nyumbani au akisimama nje. Wenzetu wa pwani wanaoijua arobaini ya mzazi hawatashangaa. Kila ninapolifikiria hili naona kwamba chini ya kanuni hizo za usafi mwanamke alikuwa akipewa muda wa kupumzika ambao asingeupata kwa njia nyingine.

Siku hizi mama huenda, na akitaka humbeba mwanawe mwenyewe. Hata hivyo, mapumziko hayo bado yanahitajika. Sheria ya kazi ya Japani inamkataza mwajiri kumpa mama kazi kwa wiki 8 baada ya kujifungua, isipokuwa baada ya wiki 6 iwapo mama mwenyewe ameomba na daktari amekubali. Vilevile mama na mtoto huwa na uchunguzi wa hospitali wa mwezi mmoja. Ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni kwamba msipange tarehe yoyote kabla ya uchunguzi huo. Aliyefanyiwa upasuaji asione haya kusema kwamba mwezi mmoja haumtoshi. Mtoto wa miezi mitatu hupokelewa jinja kwa sala ileile.

Jambo la pili ni majira. Julai na Agosti joto la Tokyo, Osaka na Nagoya huwa kali na lenye unyevunyevu mzito, na mtoto aliyefunikwa kimono ya hariri yuko hatarini. Januari na Februari baridi huuma, hasa kaskazini. Familia nyingi huahirisha hadi vuli au masika, na hakuna kuhani anayelalamika. Ziepukeni pia siku tatu za mwanzo wa Januari, kwa kuwa mamilioni ya watu huenda kuomba heri ya mwaka mpya, na wikiendi za Novemba zilizo karibu na tarehe 15, ambapo watoto wa miaka mitatu, mitano na saba huletwa kwa sherehe ya Shichi-Go-San.

Wako wazee watakaosisitiza siku ya taian, ambayo kalenda ya rokuyo huiita njema, na kuikwepa butsumetsu. Kalenda hiyo haitokani na mafundisho ya Shinto, na jinja husali siku zote. Kama mama mkwe anaitaka taian na haikusumbueni, mpeni. Ni jambo dogo linalomfurahisha mtu mzima. Ila mjue kwamba taian iliyoangukia Jumamosi ina foleni.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana dada kwa maelezo haya. Mdogo wangu wa kike ameolewa Saitama na anatarajia kujifungua. Naomba utueleze hatua kwa hatua mambo yanavyokwenda siku yenyewe, kwa maana anaogopa kukosea mbele ya wakwe zake.

Mwanzisha uzi

Karibu kaka. Mwambie asiogope, mwenendo wake una mpangilio na watu humwelekeza mgeni kwa upole.

Mlangoni kuna torii, lango la nguzo mbili na mihimili ya juu. Husimamwa hapo, kichwa kikainamishwa kidogo, ndipo watu waingie. Njia inayoelekea ndani hupitwa pembeni, kwa sababu katikati huachiwa kami. Kabla ya kufika mbele kuna birika la maji ya kutawadhia. Mtu huchota maji kwa kata, akaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akamimina kidogo kiganjani mwa kushoto na kusukutua, akaosha tena mkono wa kushoto, mwisho akaisimamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke na kuusafisha mpini. Kata yenyewe haiguswi kwa mdomo. Tangu janga la korona jinja nyingi ziliondoa kata na kuacha maji yatiririke kwenye mianzi, basi hapo mtu huosha mikono tu. Mtoto hahitaji kuoshwa.

Baada ya hapo familia ina njia mbili. Ya kwanza ni kusimama mbele ya sanduku la sadaka, kutumbukiza sarafu, kuinama mara mbili, kupiga makofi mawili, kuomba kimya, na kuinama mara moja. Hiyo haina malipo maalumu na ni omiyamairi kamili. Yeyote atakayekuambia kwamba bila sala ya kuhani haikuhesabiwa, anakutisha bure. Anayembeba mtoto hana haja ya kupiga makofi, ainamishe kichwa inatosha. Kwa wale walio mkoa wa Shimane, Izumo Taisha hupiga makofi manne.

Njia ya pili ni kuomba sala rasmi. Hapo mtapita ofisini, mtajaza fomu yenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na anwani, na kutoa hatsuhoryo, sadaka ambayo jinja nyingi huipokea kati ya yeni 5,000 na 10,000. Nyingine zimeweka viwango vyao wazi, kwa hiyo tazameni tovuti au pigeni simu, na hapohapo muulize kama miadi inahitajika. Fedha huwekwa katika bahasha yenye uzi mwekundu na mweupe uliofungwa fundo la kipepeo, fundo linalofunguka na kufungwa tena, kwa kuwa furaha ya kuzaa inatakiwa irudi. Fundo lisilofunguka ni la harusi, msichanganye dukani. Sehemu ya chini ya bahasha huandikwa jina la mtoto, maana mtoaji wa sadaka ni yeye.

Ndani ya ukumbi kuhani hupunga fimbo yenye vipande vya karatasi nyeupe juu ya vichwa vyenu ili kuwatakasa, kisha husoma norito, sala ya Kijapani cha kale, kwa sauti ndefu inayopanda na kushuka. Katikati ya maneno hayo ambayo hata Wajapani wengi hawayafahamu vizuri, utasikia jina la mwanao, majina yenu na mtaa mnaoishi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote. Mgeni anaweza kuishi miaka mingi katika nchi ya watu akijiona mpitaji. Kusikia mtoto wake akitajwa kwa jina na kwa mtaa mbele ya kami anayeulinda mtaa huo, katika sala ambayo majirani waliombewa walipokuwa wachanga, kunamgusa mtu kwa namna ambayo siwezi kuipunguza. Jinja nyingine huongeza ngoma au kengele za miko, wasichana wahudumu waliovaa nyeupe na nyekundu. Mwakilishi wa familia hupewa tamagushi, tawi la mti wa sakaki, alitoe mbele. Yote huchukua kama nusu saa, na mkitoka hupewa hirizi ya mtoto na vitu vidogo, mara nyingi vijiti vya kulia kwa ajili ya okuizome.

Mtoto akilia hakuna tatizo. Makuhani wamezoea, na kuna wazee wanaosema kilio hicho ni namna ya mtoto kujitangaza mbele ya kami.

Mchangiaji wa pili

Mimi niko Osaka, naomba niongeze ya Kansai kwa sababu wengi hushtuka wakiyaona. Huku baadhi ya familia humwandika mtoto kipaji cha uso kwa rangi nyekundu: mvulana huandikwa herufi yenye maana ya ukubwa, msichana ile ya udogo, na kwingine huandikwa herufi ya mbwa. Mbwa ana nafasi yake katika mambo ya uzazi ya Wajapani kwa sababu huzaa kwa wepesi. Hata mkanda wa tumbo wa mjamzito hufungwa siku ya mbwa, moja ya siku zinazoitwa kwa majina ya wanyama katika kalenda ya kale, ya mwezi wa tano wa mimba, na watoto hupewa sanamu za mbwa za karatasi. Alama hiyo ni ya kinga. Sisi tulitumia rangi kidogo ya mdomo, tukaifuta mara baada ya picha, maana ngozi ya mtoto ni nyepesi.

La pili ni himosen. Jamaa hufunga bahasha ndogo za fedha kwenye kamba za kimono ya mtoto, wakimwombea asipungukiwe katika maisha yake. Wageni msizifungue hapo. Subirini mfike nyumbani, kisha muandike nani ametoa nini, kwa sababu kuna zawadi za kurudisha.

Mwanzisha uzi

Umeeleza vizuri ndugu yangu, na mimi niliye upande wa Tokyo nisingeweza kuyaeleza hivyo. Kwa aliyefunga mkanda wa siku ya mbwa na kuombewa katika jinja maarufu ya uzazi, mfano Suitengu iliyoko Nihonbashi, anaweza kurudi hukohuko kushukuru badala ya jinja ya mtaani. Familia nyingi hufanya hivyo. Wengine huichagua Meiji Jingu kwa ajili ya ukubwa na msitu wake, nayo ilianzishwa mwaka 1920 kwa kumbukumbu ya Mfalme Meiji na mkewe Shoken. Ni mahali pa fahari, ila njia zake ni ndefu na zimemwagwa changarawe, na kigari cha mtoto huzama na kukwama. Mbeleko ni bora. Mimi ningemshauri mzazi mchanga aichague jinja iliyo karibu na nyumbani, ambayo mtoto ataipita akienda shule na kucheza katika sikukuu zake za kiangazi.

Mchangiaji wa tatu

Asalaam alaikum. Nimeoa Nagoya, mimi ni Mwislamu na mke wangu alisilimu kabla ya ndoa. Wazazi wake wanatamani sana mjukuu apelekwe. Sitaki kuwavunja moyo, na sitaki kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Wenzangu mmefanyaje?

Mwanzisha uzi

Waalaikum salaam. Nakuheshimu kwa kuuliza jambo hili kabla ya siku kufika, na nitakujibu kama Mkristo aliyelazimika kulipima kwa dhamiri yake, si kama mtoa fatwa.

Kwanza, hakuna mwenye haki ya kukulazimisha. Katiba ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1947, katika ibara ya 20, inasema wazi kwamba mtu halazimishwi kushiriki tendo, sherehe au ibada yoyote ya kidini. Pili, msijidanganye kwamba ni utamaduni mtupu usio na dini ndani yake. Wajapani wengi hulichukulia kama jambo la kifamilia, na mtu yuleyule aliyeombewa jinja akiwa mchanga huzikwa kwa taratibu za Kibuddha bila kuona mgongano, lakini kuhani anaposoma norito anamwomba kami kwa imani yake. Ni kumkosea heshima kuketi mbele yake ukijiambia kwamba anachokifanya hakina maana.

Kanisa Katoliki lililishughulikia suala la karibu na hili. Mwaka 1936 Vatikani iliwaelekeza Wakatoliki wa Japani kwamba heshima zilizodaiwa na serikali katika jinja za taifa zingeweza kuchukuliwa kuwa za kiraia. Hiyo ilikuwa zama nyingine na ilihusu shughuli za kitaifa, kwa hiyo sioni kwamba inatosha kuamua juu ya sala ya mtoto. Mimi nilikubaliana na mume wangu kwamba wakwe waingie na mtoto, nami niketi nyuma kimya kwa adabu bila kupiga makofi wala kutoa tawi. Usiku wake tulimwombea mtoto nyumbani kwa imani yangu.

Kwa Mwislamu nafahamu kwamba mtoto mwenyewe kuombewa hivyo ni kizito, na huenda jibu lako likawa hapana. Likiwa hapana, liseme mapema, lisemwe na mke wako kwa wazazi wake, na msiliache wazi bila mbadala. Wazee hawa wanachokihitaji zaidi ni siku ya kumvalisha mjukuu, kumpakata, kupiga picha na kula pamoja. Akika yenu inaweza kuwa siku hiyo. Waalikeni, mpeni bibi ampakate mtoto, kimono yao ivaliwe, kwani ni vazi, na picha ipigwe studio.

Mchangiaji wa tatu

Nimekuelewa dada, Allah akulipe kheri. Nitazungumza na shehe wetu na mke wangu. Hilo la kimono kuvaliwa nyumbani sikuwa nimelifikiria.

Mchangiaji wa kwanza

Naomba mtusaidie na hilo la kimono. Hununuliwa na nani, na huvaliwaje? Mdogo wangu anadhani ni lazima ainunue na kwamba ni ghali.

Mwanzisha uzi

Si lazima. Kimapokeo iwaigi, yaani kimono hiyo ya sherehe ya mtoto, hutolewa na upande wa mama wa mtoto. Za wavulana huwa na picha za mwewe, kofia za vita au dragoni. Za wasichana zina maua, mipira ya nyuzi na vipepeo. Mtoto hutangulizwa nguo nyeupe nyepesi, kisha kimono hutandazwa juu yake na juu ya aliyembeba, kamba zikafungwa mgongoni mwa mbebaji. Ukiitazama kwa mbele utadhani bibi na mjukuu wamevaa nguo moja. Nzuri hutunzwa, hushonwa upya, na kuvaliwa tena kwenye Shichi-Go-San. Leo wengi hukodi, na wengine humvika mtoto gauni jeupe tu.

Ninalosisitiza ni usalama. Kimono ni nzito na huteleza kuelekea usoni. Awepo mtu mmoja, baba kwa mfano, ambaye kazi yake siku nzima ni kuhakikisha pua na mdomo wa mtoto viko wazi na shingo haijalowa jasho. Kimono iwekwe dakika ya kupiga picha na ya sala, kisha iondolewe. Nguo ya mama ifunguke kwa urahisi, maana kunyonyesha hakungoji. Jinja kubwa zina chumba cha kunyonyeshea, ndogo hazina, hivyo mnyonyesheni mtoto kabla ya kutoka na mjue mgahawa wa karibu ulipo. Picha ndani ya ukumbi wa sala kwa kawaida hairuhusiwi. Nje pigeni mtakavyo.

Na kama familia imefiwa, semeni mapema. Kwa Shinto ndugu wa karibu wa marehemu huwa hawaingii jinja mpaka siku 50 zipite. Usishangae babu akikaa nyumbani, na msimsihi aende.

Mchangiaji wa nne

Nawasalimu wanangu. Mimi ni mama wa binti aliyeko Yokohama, naishi Moshi, na tiketi nimekwisha kukatiwa. Nimesoma kwamba bibi mzaa baba ndiye anayembeba mtoto. Je, mimi niliyesafiri mbali nitasimama tu kuangalia? Na nibebe nini mkononi?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Hutasimama kuangalia. Siku hizi mabibi hupokezana, na pengi bibi mzaa baba humbeba wakati wa sala, kisha bibi mzaa mama akampokea kwenye picha na njiani. Binti yako alizungumze na mumewe, naye amwambie mama yake kabla ya siku hiyo, ili lisije likaamuliwa mlangoni mkiwa mmesimama na mtoto analia. Hata wakwe zetu hufurahi kuulizwa.

Kwa kuwa vazi la mtoto kimapokeo ni zawadi ya upande wako, una nafasi yako tayari hata kama kimono ni ya kukodi. Wewe vaa kitenge chako cha heshima kilichoshonwa vizuri, kwa kuwa mavazi rasmi ya kwenu yanakubalika kabisa. Chukua kanga mbili, moja ya kumfunika mtoto mkiwa kwenye treni na nyingine ya kumpa mama mkwe wa binti yako. Vaa viatu vya chini, changarawe zinachosha miguu. Ukifika ukumbini mtaketishwa viti au mikekani. Ukiwa na magoti mabaya, sema pale ofisini mapema nao watakuletea kiti.

Jambo la mwisho ni jina la mjukuu. Kama mmempa jina la kwetu, binti yako aandike kwenye fomu kwa kana, herufi za Kijapani za silabi, jinsi linavyotamkwa, silabi kwa silabi, kisha amsomee mhudumu kwa sauti mara moja kabla ya kukabidhi. Kuhani atalisoma kama lilivyoandikwa, na jina lenye "mb" au "ng'" mwanzoni litampa taabu asipoelekezwa mapema.